Kikumbo na Cheti: Historia ya Kuwalinda Watoto katika Hoki ya Barafuni

Katika hoki ya barafuni, kikumbo ni kitendo cha mchezaji kumsukuma kwa bega, kifua au nyonga mpinzani aliye na kisahani, ili amtenge nacho. Kisahani hicho ni kipande cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi, kinachochapwa kwa magongo juu ya barafu. Kanuni zinaruhusu kikumbo kwa masharti. Anayekumbwa lazima awe ndiye mwenye kisahani, au awe amekiachia papo hapo. Anayekumba haruhusiwi kumjia mbio kutoka mbali, kunyanyua gongo au viwiko, kumgonga kichwani wala kumsukuma mgongoni. Masharti hayo ndiyo yanayotenganisha kikumbo na vurugu, na mtoto hayapati kwa kutazama mechi za wakubwa. Ni lazima afundishwe.

Hapo ndipo yanapozuka maswali mawili ambayo yameutawala mchezo huu kwa miongo mingi: mtoto aanze kupiga na kupigwa kikumbo akiwa na umri gani, na anayemfundisha awe amesomea nini? Kanada na Marekani, zilizo na watoto wengi kuliko nchi nyingine katika mchezo huu, zimeyajibu maswali hayo hatua kwa hatua. Mara nyingi jibu lilipatikana baada ya watoto kuumia.

Mwanzo wa mchezo na ukuta wake

Mechi ya kwanza ya hoki ya ndani iliyopangwa rasmi ilichezwa tarehe 3 Machi 1875 katika ukumbi wa Victoria Skating Rink mjini Montreal, chini ya usimamizi wa James Creighton. Kila timu ilikuwa na wachezaji 9. Mwaka 1877 kanuni za mchezo zilichapishwa katika gazeti la Montreal Gazette. Sehemu kubwa ya kanuni hizo ilitokana na hoki ya nyasi ya Uingereza, na tayari zilikataza kumvamia mpinzani kwa nyuma, kumtega miguu na kumkaba. Kwa hiyo katazo la kumkumba mtu mgongoni, ambalo makocha wa leo hulifundisha kama suala la kufa na kupona, lina umri sawa na kanuni zenyewe.

Tofauti kubwa kati ya mchezo huu na ule wa nyasi ilikuja kuwa ukuta. Uwanja wa kawaida wa Amerika Kaskazini una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, na umezungushiwa ukuta unaozidi kidogo mita moja kwenda juu. Mtelezaji ana kasi kuliko mkimbiaji, nafasi ni finyu, na anayebanwa pembeni hana pa kutokea. Mabeki waligundua mapema kwamba ukuta ni msaidizi wao: ukimsukumia mpinzani huko, kisahani kinabaki mguuni pako. Kikumbo kikawa sehemu ya ulinzi, kisha sehemu ya vitisho, na watazamaji wakakipenda.

Ulaya ilikwenda taratibu zaidi. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, lililoundwa Paris mwaka 1908, liliruhusu kikumbo katika eneo la timu inayojilinda tu. Mpaka huo uliondolewa mwaka 1969, kikumbo kikaruhusiwa uwanja mzima kama ilivyokuwa katika ligi za kulipwa za Kanada na Marekani. Miaka hiyohiyo matangazo ya televisheni yaliziingiza mechi za kulipwa katika nyumba nyingi, na watoto wakaanza kuiga walichokiona.

Makocha wasio na shule

Kwa muda mrefu, kocha wa watoto nchini Kanada alikuwa mzazi aliyejitolea. Alikuwa na nia njema na filimbi, pengine na kumbukumbu za enzi zake uwanjani. Hakuna aliyemwuliza kama anajua namna mwili wa mtoto unavyokua au namna ya kumfundisha mtoto kuanguka. Mwaka 1951 Lloyd Percival wa Toronto alichapisha kitabu The Hockey Handbook, akitaka hoki ifundishwe kwa mpangilio: mazoezi ya viungo, mbinu, lishe, saikolojia. Ligi za kulipwa za nyumbani kwake hazikukijali. Kilisomwa kwa makini zaidi Moscow, ambako Anatoli Tarasov, mjenzi wa hoki ya Kisovieti, alikithamini na kukitumia.

Matokeo yake yalionekana Septemba 1972, timu ya nyota wa kulipwa wa Kanada ilipokutana na timu ya Wasovieti katika mechi 8. Wakanada walifungwa mabao 7 kwa 3 katika mechi ya kwanza mjini Montreal. Mwishowe walishinda mfululizo huo kwa bao la Paul Henderson lililofungwa sekunde 34 kabla ya mechi ya mwisho kumalizika, lakini somo lilikuwa limeeleweka. Wasovieti walikuwa wamefundishwa, na mafunzo yao yalianza utotoni.

Somo la pili lilitoka nyumbani. Aprili 1974, mechi za mtoano za vijana kati ya Hamilton Red Wings na Bramalea Blues katika jimbo la Ontario zilitawaliwa na mapigano kiasi kwamba timu ya Bramalea ilijitoa. Serikali ya jimbo ilimteua mwanasheria William McMurtry kuchunguza vurugu katika hoki ya ridhaa. Ripoti yake ya mwaka huohuo ilielekeza lawama mahali kadhaa: mfano mbaya wa ligi za kulipwa, kanuni zinazovumilia vitisho, kutoheshimiwa kwa waamuzi, na makocha walioshindwa kuwajengea vijana heshima kwa kanuni. Ripoti hiyo ilimtaja kocha kama mhusika wa usalama. Kabla ya hapo alihesabiwa kwa ushindi na vipigo vya timu yake, basi.

Ni katika muongo huo huo ndipo Kanada ilipoanzisha mpango wa taifa wa kuwapa makocha vyeti, unaohusisha michezo yote, hoki ikiwemo. Kocha alitakiwa kusoma nadharia, kujifunza mbinu za mchezo wake na kutathminiwa. Marekani nayo ilianza kujenga mpango wake wa elimu ya ukocha katika miaka ya 1970, ambao hatimaye ulikuwa na ngazi tano. Cheti kilikuwa kimeanza kuwa sharti la kusimama mbele ya watoto.

Kinga za uso na majeraha ya shingo

Hatua nyingine ya miaka hiyo ilikuwa vifaa. Daktari wa macho wa Toronto, Tom Pashby, alikusanya taarifa za wachezaji waliopofuka kwa kupigwa na gongo au kisahani, kisha akapigania viwango rasmi vya kofia ngumu na kinga za uso. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970, watoto wa Kanada na Marekani walikuwa wakivaa kinga kamili ya uso, na majeraha ya macho miongoni mwao yakapungua mno.

Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 daktari wa upasuaji wa mishipa ya fahamu, Charles Tator, naye wa Toronto, aliona jambo jipya: vijana wa hoki wakifikishwa hospitali wakiwa wamevunjika shingo. Yeye na wenzake walianza kuyahesabu majeraha hayo nchi nzima, na mwaka 1984 wakachapisha uchunguzi wao. Kisa kilichojirudia mara nyingi kilikuwa kimoja. Kijana anafuata kisahani karibu na ukuta akiwa ameinamisha kichwa, anasukumwa kwa nyuma, na utosi wake unaugonga ukuta kwanza.

Ubaya wa pigo hilo unatokana na umbo la shingo. Mtu akiwa ameinua uso, pingili za shingo hujipinda kidogo kama upinde, na mpindo huo pamoja na misuli hupunguza nguvu ya pigo. Akiinamisha kichwa, mpindo hupotea na pingili hunyooka mstari mmoja. Hapo nguvu yote ya mwili unaokwenda mbele hupita katikati ya pingili, moja au zaidi huvunjika, na uti wa mgongo ulio ndani hubanwa au kukatika. Kofia ngumu haiwezi kuzuia hilo, kwa sababu kofia hulinda fuvu. Wapo walioona pia kwamba kinga za uso ziliwatia wachezaji ujasiri wa kuingia kwa nguvu walikokuwa wakiogopa kuingia zamani.

Mwaka 1985 chama cha hoki ya ridhaa cha Kanada kilitunga kanuni mahususi ya kuadhibu kikumbo cha mgongoni, na majeraha makubwa ya uti wa mgongo yakapungua katika miaka iliyofuata. Marekani ilianzisha kampeni ya kuwafundisha watoto kuinua kichwa kila wanapoukaribia ukuta. Katika miaka ya 1990, Windsor huko Ontario ilianza kuwashonea watoto alama ya kusimama mgongoni mwa jezi, ili anayekuja kwa nyuma aione na ajizuie. Alama hiyo ilienea katika vyama vingine.

Quebec yafuata njia yake

Kanuni ya mgongoni haikugusa kikumbo halali kinachompata mtoto asiye na mwili wa kukihimili. Watoto wa miaka 12 na 13 wanaweza kuwa darasa moja na timu moja, lakini mmoja ameshaanza kubalehe na mwingine bado. Tofauti ya urefu na uzito kati yao huwa kubwa, na kwenye barafu uzito huo huja kwa kasi.

Jimbo la Quebec lilikuwa na chombo cha serikali kinachosimamia usalama michezoni, na chombo hicho kiliagiza utafiti. Katikati ya miaka ya 1980, kikumbo kikaondolewa kwenye daraja la watoto wa miaka 12 na 13 katika jimbo hilo, kikabaki kuanzia daraja linalofuata. Utafiti ulioongozwa na Guy Régnier, uliochapishwa mwaka 1989, ulionyesha kwamba ligi za umri huo zilizoruhusu kikumbo zilikuwa na mivunjiko ya mifupa mingi zaidi kwa kiwango kikubwa.

Majimbo mengine hayakushawishika. Hoja ya wapinzani ilikuwa nzito na ilitolewa na watu waliowapenda watoto wao: anayechelewa kujifunza kikumbo atakutana nacho akiwa na miaka 14, dhidi ya vijana wenye nguvu zaidi, bila ujuzi wa kujikinga, kwa hiyo heri aanze mdogo, wakati pigo bado ni jepesi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, baadhi ya vyama vya Ontario viliingia katika majaribio ya kuruhusu kikumbo kuanzia miaka 10. Upande wa pili, chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa msimamo mwaka 2000 kwamba kikumbo kisiruhusiwe kwa watoto wa miaka 15 kushuka chini. Kanada ikawa na kanuni tofauti kutoka jimbo hadi jimbo, na mtoto akilindwa au kutolindwa kulingana na mahali alipozaliwa.

Wanawake walikuwa wamekwishaamua. Mashindano ya kwanza ya dunia ya wanawake, Ottawa mwaka 1990, yalichezwa kwa kikumbo. Baada yake kikumbo kiliondolewa katika hoki ya kimataifa ya wanawake. Kasi na ufundi vilibaki, na mchezo huo ukaendelea kukua hadi kuingia Olimpiki mwaka 1998.

Utafiti wa Calgary na maamuzi ya 2011 na 2013

Tofauti hiyo ya majimbo ndiyo iliyowezesha jibu kupatikana. Msimu wa 2007 hadi 2008, Carolyn Emery wa Chuo Kikuu cha Calgary na wenzake walifuatilia watoto 2,154, wengi wao wa miaka 11 na 12, kwa kuwa mipaka ya madaraja ilikuwa imeshushwa kwa mwaka mmoja. Watoto 1,108 walikuwa wa Alberta, kulikoruhusiwa kikumbo, na 1,046 wa Quebec, kusikoruhusiwa. Alberta iliandikisha majeraha 241, 78 kati yake yakiwa mitikisiko ya ubongo. Quebec iliandikisha majeraha 91, mitikisiko ikiwa 23. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani: hatari ya kuumia mechini Alberta ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile ya Quebec, na ya mtikisiko wa ubongo ilikaribia mara nne.

Watafiti haohao walipima pia hoja ya kuanza mapema. Mwaka 2011 walichapisha ulinganisho wa vijana wa miaka 13 na 14 wa majimbo hayo mawili, ambao sasa wote walicheza kwa kikumbo. Kwa jumla, hatari ya kuumia haikutofautiana. Katika majeraha yaliyomweka mtu nje zaidi ya wiki moja, walioanza mapema walikuwa na nafuu kiasi. Nafuu hiyo ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na majeraha waliyoyapata wakiwa na miaka 11 na 12.

Juni 2011, chama cha hoki cha Marekani kilipiga kura kuhamisha kikumbo kutoka miaka 11 na 12 kwenda miaka 13 na 14. Pamoja na sababu za kitabibu, zilizoelezwa na daktari mkuu wake, Michael Stuart, chama kilikuwa na sababu ya ufundishaji. Mwaka 2009 kilikuwa kimeanzisha mpango mpya wa kukuza vijana, unaozingatia kwamba miaka ya kabla ya kubalehe ni ya kujifunza kuteleza, kupiga pasi na kumiliki kisahani. Mtoto anayeogopa kukumbwa hukitupa kisahani mbali, na anayependa kukumba humfuata mtu akasahau mchezo. Wote wawili hupoteza miaka ambayo ujuzi huingia kwa urahisi.

Mei 2013 ikawa zamu ya Kanada. Alberta ilikuwa imetangulia kuamua, na mkutano mkuu wa taifa mjini Charlottetown ukapitisha kwamba kuanzia msimu wa 2013 hadi 2014 kikumbo kiondolewe kwa watoto wa miaka 11 na 12 nchi nzima. Tathmini iliyofanyika Alberta, ikilinganisha kabla na baada ya mabadiliko, ilikuta kiwango cha majeraha kimepungua kwa nusu na mitikisiko ya ubongo kwa takriban theluthi mbili.

Kazi ya kocha mwenye cheti

Kupandisha umri kulileta wajibu mpya. Kama mtoto ataruhusiwa kikumbo akiwa na miaka 13, miaka iliyotangulia lazima imwandae, la sivyo hoja ya wapinzani itatimia. Kwa hiyo Kanada iliambatanisha uamuzi wake na mafunzo ya lazima kwa makocha wa madaraja yanayopakana na kikumbo. Mafunzo hayo yana ngazi nne, na kila moja hujengwa juu ya iliyotangulia.

Ya kwanza ni kujipanga na kumwelekeza mpinzani. Mlinzi anaanzia katikati ya uwanja na kumwendea mwenye kisahani kwa mkunjo, asimwendee moja kwa moja. Anamfungia njia ya ndani na kumwachia ya ukutani peke yake. Akifanya vizuri, mpinzani hufika mwisho wa nafasi bila kuguswa. Ya pili ni kutumia gongo: kukichokoa kisahani, kulinyanyua gongo la mwenzake, kuziba mkondo wa pasi. Ya tatu ni kuzoea mgusano, yaani watoto wanasukumana bega kwa bega wakigombea kisahani, bila pigo, ili mwili uzoee kusimama imara juu ya vyuma viwili vyembamba. Kikumbo chenyewe huja mwisho, na mtoto aliyezishika ngazi tatu za mwanzo hukihitaji mara chache.

Kupokea kikumbo hufundishwa kwa uzito uleule. Watoto hujifunza kusogea ukutani kabisa wanapofuata kisahani, kwa sababu sehemu ya hatari ni ile ya umbali wa mita moja hivi kutoka ukutani: anayesukumwa hapo ana nafasi ya kuanguka kichwa mbele, ilhali aliyekwisha kujiegemeza ukutani hana pa kurushwa. Hufundishwa kuja kwa pembe, magoti yakiwa yamekunjwa, kidevu juu, na mkono, bega na paja vikiugusa ukuta kwa pamoja ili nguvu isambae. Hufundishwa pia kuangalia nyuma ya bega kabla ya kufika. Kocha asiyejua mambo haya hawezi kuyagundua peke yake katikati ya mechi, na ndiyo maana hupimwa kabla ya kukabidhiwa timu.

Cheti cha leo hubeba mambo mengine pia. Kocha wa Marekani huchunguzwa rekodi zake, husoma kuhusu kuwakinga watoto na unyanyasaji, na hupitia somo la umri mahususi anaoufundisha. Baada ya msichana wa miaka 17 wa Ontario kufariki mwaka 2013 kwa kugongwa kichwa mara kadhaa katika raga, jimbo hilo lilipitisha mwaka 2018 Sheria ya Rowan, yenye jina lake. Sheria hiyo inawataka makocha, wazazi na wachezaji wa michezo mbalimbali kupitia kila mwaka maelezo ya mtikisiko wa ubongo, na mchezaji anayeshukiwa kuupata aondolewe uwanjani. Mwaka 2019 chama cha hoki cha Marekani kilitoa tamko kwamba shabaha ya kikumbo ni kupata kisahani tu, na kwamba kumtisha au kumwadhibu mpinzani si sehemu ya mchezo. Waamuzi walielekezwa kuadhibu vikumbo vinavyokwenda kinyume na shabaha hiyo.

Hali ilivyo sasa

Mjadala umehamia umri wa miaka 13 hadi 17. Katika vyama kadhaa, kikumbo kimebaki katika timu za viwango vya juu, na ligi za kawaida za mitaa zinacheza bila kikumbo. Madaktari wa watoto wa Marekani walirudia mwaka 2014 pendekezo la kukiacha kwa vijana wa viwango vya juu waliofikisha miaka 15.

Nchi zinazoingia sasa katika mchezo huu zina nafasi ya kuanza pale wengine walipofikia. Kenya ni mojawapo. Nairobi ilipata uwanja wa barafu mwaka 2005 katika hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa, nao ni mdogo kuliko viwanja vya kimataifa. Hapo ndipo ilipokulia timu ya Ice Lions, iliyokwenda Kanada mwaka 2018, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la kimataifa. Katika uwanja mdogo ukuta uko karibu zaidi na kila mtoto, kwa hiyo utaratibu uliopatikana kwa gharama kubwa Quebec, Alberta na kwingineko unafaa hapo tangu siku ya kwanza: kocha asome kwanza, mtoto ajifunze kuteleza, kuona na kujikinga, na kikumbo kingoje mpaka mwili na ujuzi vitakapokuwa tayari.